Nani Anahudumia Meza ya Wavutaji?

Hotuba hii kuhusu moshi wa sigara kwenye baa na migahawa niliitoa Mtwara mjini wiki ya mwisho ya Mei, mbele ya wenye baa, wenye migahawa, mama lishe na wahudumu. Wengi wa Masasi, Newala na Lindi hawakuweza kufika, wakaniomba maneno yenyewe. Nimeyaandika yalivyotoka mdomoni, hata pale nilipotoka nje ya njia. Picha za ukutani nimeziacha. Hata hivyo umeme ulikatika kabla ya picha ya tatu.

Mheshimiwa mwenyekiti, Bwana Afya, Ofisa Biashara, wazee wangu, wenye baa na migahawa wenzangu, mama zangu wa chakula, na ninyi wahudumu mliojibana kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yetu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa. Aliyepanga ratiba hii hanijui.

Naanza na swali, na nataka kuona mikono. Nani humu ndani ana sehemu ya wavutaji kwenye biashara yake? Nyanyueni tu, Bwana Afya leo kaja kama mgeni, hakuja kukagua. Haya, naona mikono mingi. Msiishushe kwanza. Swali la pili: nani anahudumia meza hizo?

Mbona kimya?

Teremsheni mikono. Swali hilo la pili ndilo ugali wa leo. Mengine yote nitakayosema ni mboga.

Kila tukikutana kuzungumzia sigara kwenye baa na migahawa, mjadala huwa wa watu wawili, mteja anayevuta na mteja asiyevuta. Huyu anasema nimelipa hela yangu, niacheni nistarehe. Yule anasema hata mimi nimelipa, na moshi wako umeingia kwenye supu yangu. Wanabishana, na sisi wenye biashara tunakaa katikati kama washenga, tunatafuta namna ya kuwaridhisha wote. Mwisho tunasogeza meza tatu kwenye kona, tunaziita eneo la wavutaji, tunakwenda kulala. Lakini jamani, mteja asiyependa moshi ana mlango. Atamaliza soda yake, atalipa, atatoka, ataenda kwa jirani. Yule binti mwenye trei atatokea mlango gani?

Nilianza kazi hii mwaka 1998. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshuka kutoka Tandahimba na mfuko wa rambo wenye nguo tatu. Baa niliyoajiriwa siitaji. Wenye umri wangu mnaijua, na wengine mlikuwa wateja wangu, msiangalie chini. Ilikuwa na meza kumi na mbili. Meza ya saba ilikaa kona ya ndani kabisa, chini ya feni, na ilikuwa meza ya wakubwa: wanunuzi wa korosho, wenye malori, mabwana wa ofisini. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba hela ya korosho inapoanza kutembea, meza ya saba haipoi. Kisahani cha majivu nilikimwaga mara sita, mara saba kwa usiku mmoja. Nilikipuliza kwa mdomo, nikakifuta kwa aproni, nikakirudisha. Na mkubwa wa meza ya saba hakuagizi kwa mbali. Anataka uiname, sikio lako lifike mdomoni kwake, akutajie bia huku anakupumulia.

Naona wahudumu kule nyuma mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnaijua. Kila baa ina meza ya saba.

Mimi sikuvuta sigara hata siku moja. Lakini saa nane za usiku nikifika Magomeni, hii ya hapa Mtwara, mama mdogo aliyenihifadhi alikuwa ananizuia mlangoni: vua gauni hilo, litundike kwenye kamba, ndipo uingie. Gauni tulilitundika nje. Mapafu niliingia nayo ndani. Mwaka uliofuata nikajifungua, na binti yangu wa kwanza nilimnyonyesha nywele zangu zikinuka sigara za wanaume nisiowajua hata majina.

Tulikuwa wahudumu wanne. Mmoja alitoka Kilwa, alituzidi umri, tukimwita dada mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa wa meza ya saba kabla yangu, miaka sita mfululizo. Hakuvuta, hakunywa, Ramadhani aliifunga yote. Akaanza kukohoa. Akapima makohozi mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Akapewa dawa hii, akapewa ile. Mwenye baa akamwambia wateja hawapendi kuhudumiwa na mtu anayekohoa, nenda nyumbani ukapone kwanza. Aliondoka bila hata nauli, sisi ndio tuliomchangia. Nami nikakabidhiwa meza ya saba. Hivyo ndivyo nilivyoipata.

Alifariki mwaka wa pili, huko huko kwao. Sisemi moshi ndio uliomuua. Sina karatasi ya daktari, na sitaki kusimama hapa niwavute kwa machozi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeuliza. Mwenye baa hakuuliza, sisi wenzake hatukuuliza, na yeye mwenyewe alikwenda akiamini kwamba Mungu alimpa kifua kibovu.

Kanada yupo aliyeuliza. Habari hii alinisomea binti yangu, yule yule niliyemnyonyesha, sasa ni muuguzi. Kulikuwa na mama mmoja aitwaye Heather Crowe, mhudumu wa migahawa mjini Ottawa. Alibeba sahani kwa miaka kama 40. Hakuwahi kuvuta. Mwaka 2002 akagundulika na saratani ya mapafu. Mama huyu akaenda kudai fidia kama mfanyakazi yeyote aliyeumizwa na kazi yake, kama fundi aliyeanguka kwenye jengo, na akakubaliwa. Halafu, badala ya kukaa kitandani, akazunguka nchi nzima kuwaambia viongozi kwamba mhudumu naye ni mfanyakazi. Alifariki tarehe 22 Mei 2006. Sheria ya jimbo lake la Ontario ya kuondoa moshi ndani ya baa na migahawa ikaanza kazi tarehe 31 Mei, mwaka huo huo. Hesabuni siku wenyewe.

Mfikirieni huyo mama. Miaka 40 ya kuinama kwenye meza ya saba ya Ottawa.

Sasa nataka niwape na hesabu nyingine, maana najua wapo humu wanaosema kifo kimoja si ushahidi. Ni kweli, si ushahidi. California walipiga marufuku kuvuta ndani ya baa kuanzia Januari 1998, mwaka ule ule niliokabidhiwa trei Mtwara. Watafiti wakawachukua wahudumu wa baa 53 wa San Francisco, wakawapima kabla ya marufuku na wiki chache baadaye. Kabla, watu 39 kati yao walikuwa na kikohozi, makohozi, kifua kubana au kupumua kwa mluzi. Baada ya wiki hizo chache, 23 kati ya hao 39 hawakuwa na dalili yoyote tena. Hawakupewa kidonge. Hawakudungwa sindano. Walichofanyiwa ni kuondolewa moshi kazini, basi.

Wiki chache! Dada mkubwa alikohoa mwaka mzima.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mzee wangu, nimekisikia mara nyingi. Unataka kusema hayo ni ya Ulaya na Marekani, watu wamejifungia ndani kwa baridi; sisi huku baa zetu ni banda la makuti, pande tatu wazi, upepo wa bahari unapita, moshi unajiendea zake. Hoja hiyo ina uzito. Nitaijibu kwa salfa, ile dawa ya mikorosho.

Nani humu hana mikorosho? Kama si yako ni ya baba, kama si ya baba ni ya mjomba. Mikorosho ikianza kutoa maua na ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia, tunafanya nini? Tunapuliza salfa. Tunapuliza saa ngapi? Alfajiri. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu upepo umetulia. Kila mtu hapa anajua kwamba salfa haijui mpaka wa shamba. Mpaka mliuweka wewe na jirani yako mbele ya mwenyekiti wa kijiji, salfa haikuitwa kwenye kikao kile. Upepo ukigeuka, jirani aliyekuwa anapalilia mihogo yake anaondoka macho yamemvimba, anakutukana na kizazi chako, na unanyamaza kwa sababu unajua ana haki. Na kijana anayebeba bomba je? Tunamfunga kitambaa puani, tunamwambia asimame upepo unakotoka.

Sasa wewe unayeyajua yote hayo shambani, ukifika mjini yanakutoka. Unachora mstari kwenye sakafu, upande huu wavutaji, upande ule wengine, unatundika kibao, unaamini moshi utasoma. Na binti mwenye trei humfungi hata hicho kitambaa.

Mimi nilijaribu. Nilipofungua mgahawa wangu hapa Shangani, nami nilikuwa na kona ya wavutaji. Kusi ikivuma, moshi ulielekea jikoni, wapishi wakalalamika. Nikahamisha kona. Kaskazi ikaja, moshi ukaelekea meza za wenye watoto. Nikahamisha tena. Nikawa nahamisha meza kila pepo zinapogeuka, kama mvuvi na mashua yake. Mwaka wa pili nikachoka, nikanunua feni mbili kubwa. Jamani, feni haitoi moshi. Feni inaugawa. Tena ni mhudumu bora kuliko sisi wote, maana hairuki meza hata moja.

Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi, na hili nalisema mbele ya wahudumu wangu wawili walioko hapa. Nikawapangia kuhudumia ile kona kwa zamu. Niliona nimetenda haki. Nilichokifanya ni kuwagawia dada mkubwa wa Kilwa kidogo kidogo.

Binti yangu ananielezea mambo haya kwa jiko la mkaa, nami naona ni mfano mzuri, nauazima. Tumeshasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, asubuhi hawakuamka. Waliuawa na hewa isiyo na harufu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni, kama abiria aliyekalia siti uliyoikatia tiketi, na hanyanyuki. Hewa hiyo hiyo imo kwenye moshi wa sigara, kwa kiasi kidogo. Pamoja nayo kuna kemikali nyingine zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kama milioni 1.6 kati yao hawakuvuta wenyewe, walivutishwa na wengine. Hakuna kipimo kidogo cha moshi huo ambacho wataalamu wamesema hiki hakina neno. Na kwa mjamzito, moshi huo unaweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Wahudumu wetu wanafanya kazi na tumbo mpaka mwezi wa ngapi? Mnanijibu kwa macho. Mpaka wa nane.

Nihame hapo, maana najua mabosi wenzangu wengine mnasubiri jambo moja tu: droo. Mama, umesema vizuri, lakini droo ya kaunta itasemaje jioni?

Basi niwarudishe wakati wa gesi. Mnakumbuka 2012? Nyumba za Shangani kodi zilivyopanda, wageni walivyojaa, kila mwenye chumba cha nyuma alivyotaka kukipaka rangi akiite hoteli? Nilikuwa kaunta kwenye baa moja ya wageni. Alikuwepo mzee mmoja kutoka Norway, mtu wa kampuni za gesi, kila jioni anakuja, na mvutaji haswa. Usiku mmoja wa Januari mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba. Yule mzee ananyanyuka na pakiti yake, anatoka kusimama chini ya upenu, maji yanamrukia miguuni. Nikamfuata. Nikamwambia mzee, hapa ruksa, kaa ndani uvute. Akacheka. Akasema kwao tangu 2004 hakuna anayevuta ndani ya baa, na sasa akivuta ndani anajiona kama anavuta chumbani kwa mama yake. Akamaliza, akarudi amelowa, akaagiza nyingine.

Nawauliza: aliacha kuja? Aliacha kunywa? Kilichopungua kwangu ni kisahani cha kumwaga.

Mwaka huo huo wa 2004, tarehe 29 Machi, Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza kuvuta ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo. Na kwa watu wa Ireland, baa si mahali pa kunywa tu. Ni kijiwe, ni baraza, ni mpira, ni msiba na ni siasa. Waziri wao wa Afya, Micheál Martin, alielezwa na wenye baa kwamba anaizika nchi. Yeye akashikilia jambo moja: hii ni sheria ya kumlinda mfanyakazi. Watafiti wakapima mate ya wahudumu wa baa wasiovuta kabla na baada ya mwaka mmoja, wakitafuta mabaki ya nikotini. Yalikuwa yamepungua kwa asilimia 80. Na Micheál Martin, kama mnafuatilia habari, baadaye amekuwa waziri mkuu. Kwa hiyo hawakumzika.

Je, hakuna baa iliyofungwa huko? Zipo, na wapo wenye baa mpaka leo wanaolaumu marufuku ile. Wengine wanataja bia ya bei rahisi madukani, wanataja uchumi ulivyoyumba 2008. Sitaki kuwauzia maneno matamu. Kwangu mwenyewe, mwezi wa kwanza nilipoondoa visahani vya majivu, bia ilishuka. Daftari ninalo. Kundi la watu wanne waliokuwa wangu kila Ijumaa lilihamia kwa jirani, na jirani huyo yuko hapa, anatabasamu. Wawili walirudi. Wawili kawabakiza, na ninamwambia awatunze. Lakini Jumapili walianza kuja watu ambao sikuwahi kuwaona: baba, mama, bibi, watoto watatu, sahani sita za pweza na wali wa nazi, juisi sita. Meza ya bibi na wajukuu inalipa kuliko nilivyodhani, na haivunji glasi.

Sheria nitaipitia haraka, Bwana Afya ataifafanua baada yangu. Tanzania tuna sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, inakataza kuvuta katika maeneo kadhaa ya umma, lakini imeacha upenyo wa kutenga sehemu za wavutaji, na humo ndimo tulimoingiza meza zetu tatu. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, ambao unataka watu walindwe dhidi ya moshi kazini na mahali pa umma. Majirani wametangulia: Kenya ilitunga sheria yake 2007, na ukienda Nairobi utakuta vibanda vya kuvutia sigara barabarani. Uganda 2015, wao hata nje wanahesabu mita 50 kutoka mahali pa umma. Sisi tunangoja nini? Tunangoja tukaguliwe?

Na kabla hamjaniambia kwamba Watanzania hatuwezi kubadilika, naomba mkumbuke basi la Dar es Salaam. Vijana hamlijui. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika safari ilikuwa ya siku kadhaa: matope, kivuko cha Rufiji, kulala njiani. Na ndani ya basi lile watu walikuwa wanavuta! Madirisha yamefungwa kwa mvua, kuku chini ya kiti, mtoto anatapika, na mzee wa siti ya mbele kawasha sigara yake na hakuna anayemgusa. Tuliona ni kawaida. Leo washa sigara kwenye basi uone. Kondakta hatakuwahi, abiria watakuwa wamekushusha kabla hujafika Mingoyo.

Mkulima wa tumbaku simsahau. Namtumbo ni jirani zetu, Urambo na Chunya ni ndugu zetu. Lakini tumbaku yao nyingi inauzwa nje ya nchi, na hapa hakuna aliyesema mtu asivute. Mume wangu anavuta. Yuko humu ukumbini, safu ya tatu, simtaji. Tumeishi miaka ishirini na mbili kwa amani, yeye na sigara yake barazani, mimi na mapafu yangu ndani.

Sasa lililo gumu. Nani atamwambia mkubwa?

Maana tunaweza kukubaliana yote hapa, tukapiga makofi, tukanywa chai. Ijumaa usiku anaingia mtu mwenye simu mbili mezani na dereva nje. Anawasha. Binti wa miaka ishirini na moja, ana wiki mbili kazini, ndiye tunayemtuma akamwambie azime? Tunamtoa kafara. Kwangu ilitokea hivyo. Binti alikwenda, akaulizwa unanijua mimi ni nani, akarudi kaunta trei inamtetemeka mkononi.

Nilitoka mwenyewe. Nikamsalimia shikamoo, ingawa nadhani nimemzidi umri. Sikumwambia azime. Nilimwambia mheshimiwa, kiti chako kiko tayari. Nikamchukua mpaka nje, chini ya mwembe, ambako nilikuwa nimeweka meza moja nzuri, viti vya kuegemea, taa, na ndoo ya mchanga ya vipisi. Akakaa. Supu yake akaibeba mwenyewe, maana kwangu sigara ikishawashwa chini ya mwembe, trei haifiki pale mpaka izimwe. Akapapenda. Kesho yake akaja na wenzake. Sasa pale mwembeni wateja wamepaita Bungeni, na wapo wasiovuta wanaolalamika kwamba Bungeni ndiko kuna upepo mzuri.

Basi nilichojifunza ni hicho. Mvutaji ukimfukuza kama mbwa atakutafutia ubishi, na ana haki. Mpe mahali pa heshima nje, mbali na jiko, mbali na madirisha, na mbali na makuti pia, kwa sababu kipisi kimoja na kaskazi ya Desemba vinatosha kukuacha na nguzo. Na agizo litoke kwako mwenye biashara, kwa mdomo wako. Usimtume binti.

Ninyi wahudumu, mkikohoa semeni. Mkiwa wajawazito semeni. Anayewaambia mkapone nyumbani bila mshahara, mleteni kwetu tuongee naye. Na Bwana Afya, kwa heshima zote, ukaguzi wako ni mzuri lakini unakuja saa nne asubuhi, baa zimefagiwa na visahani vimeoshwa. Njoo saa nne usiku. Njoo Novemba, korosho zimelipwa. Kaa meza ya saba.

Nimekuja na vibao thelathini vya kutundika ukutani, nimechonga kwa fundi wa kwetu, viko pale mlangoni juu ya kreti. Havina maneno makali. Vimeandikwa: "Hapa ndani tunafanya kazi. Kiti cha kuvutia sigara kiko nje." Anayechukua kibao aache na kisahani chake cha majivu, nimeleta gunia.

Nusu saa imekwisha, mwenyekiti ananikonyeza. Mzee wangu mwenye kofia, mkono wako uko juu tangu nilipotaja salfa. Karibu, subiri kipaza sauti kikufikie.